Mwezi Mwanamisi Aliponyamaza

Sauti ya Mwanamisi iliamka kabla ya Mwanamisi mwenyewe. Ndivyo walivyosema majirani upande wa Lubuye, miaka ile mji wa Kalemie ulipokuwa bado unaandikwa Albertville kwenye ubao wa stesheni. Jogoo hawajamaliza kuwika, sauti imeshapita juu ya ua wa matete: "Vitumbua! Vya moto! Ee Papa wa reli, utaenda kazini na tumbo tupu?" Na kila asubuhi, katika nyumba ya pili, mtoto mmoja wa kike alifumbua macho kwa sauti hiyo, akateremka kitandani kwa tumbo, akakimbilia tundu la ua bila hata kumtazama mwanamke aliyelala naye.

Mwanamke huyo ndiye aliyemzaa.

Jina lake Emérance. Alikuwa amefikia umri ambao wenzake walishaitwa bibi. Watoto waliomtangulia huyu Anne-Marie aliwazika wote wakiwa wachanga, na kila aliyezikwa alimpunguza kidogo machoni pa mumewe, Théophile, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa ya treni. Kuna mwaka Théophile alimleta msichana kutoka Zongwe, akasema amekuja kumzalia. Emérance akawapikia wote wawili, akawafulia wote wawili, akalala jikoni. Msichana yule hakuzaa. Mwenye kushika mimba akawa Emérance, yeye aliyekwisha kuambiwa kwamba mambo yake yamekwisha. Basi msichana akarudishwa Zongwe, naye Emérance akarudishwa chumbani, na hakuna aliyemwambia hata neno dogo la kumpoza.

Mtoto alipozaliwa, Emérance alijua sasa dunia imemlipa. Hakumaliza hata kumzoea. Jipu lilimpanda titini, likawa kubwa, homa ikamchukua akili, wakampeleka hospitali. Jirani Mwanamisi, mke wa Zahoro fundi cherehani, watu wa ukoo wa wale wafanyabiashara Waislamu waliovuka ziwa zamani, alikuwa amejifungua mwezi uleule. Alimpokea Anne-Marie bila kuombwa, akamweka upande mmoja, mwanawe Amisi upande wa pili. Emérance aliporudi, mifupa mitupu, maziwa yake yalikuwa yamekauka. Akamkuta binti yake amelala kifuani kwa Mwanamisi, mnene, mwenye mikunjo mapajani.

"Umushukuru Mungu," watu walimwambia. "Umushukuru Mwanamisi."

Alishukuru. Alishukuru asubuhi, alishukuru jioni, alishukuru mpaka shukrani yenyewe ikamchacha mdomoni kama uji uliosahauliwa.

Kwa sababu kazi yote ilikuwa yake. Nani alifua nguo za mkojo? Emérance. Nani alimwogesha mtoto, akamsuka nywele huku akipigwa mateke, akakesha naye akikohoa? Emérance. Lakini mtoto akiumia kidole alipita mbele yake kama anapita mbele ya mti, akaingia kwenye tundu la ua, kwenda kunyonya. Uji wa Emérance aliutema. Mtoto alimwita Mwanamisi Mama. Emérance aliitwa "Merasi", kwa kuwa ndivyo mtoto alivyomsikia baba yake akimwita kwa kelele kila siku. Ufukweni, wanawake wanaonunua ndakala, dagaa wa ziwa lile, walimwona Mwanamisi na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, wakaanza kumwita Mama Ana, kwa jina la Anne-Marie. Emérance alisimama palepale na beseni lake, hakuna aliyemwita lolote.

Na Théophile? Théophile aliona ni mchezo. Mbele ya wageni alisema, "Nyumba yangu ina mama wawili. Mumoja wa kupiga kelele, mumoja wa kushibisha." Wageni wakacheka. Emérance akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Anne-Marie alipokuwa anaanza kusema maneno mawili mawili, Mwanamisi alikuja siku moja kwa mlango wa mbele, si kwa tundu. Alikaa mkekani, akajifunika kanga vizuri.

"Mama Anne-Marie, nimekuja na neno. Nina mimba."

"Mungu akusaidie."

"Amina. Sasa unajua, maziwa ya mwenye mimba yanaharisha mutoto. Lazima niwaachishe wote wawili. Mama yangu atakuja kutoka Mtoa, atamuchukua Amisi akae naye mpaka asahau titi. Nikasema, amuchukue na Anamari. Wamezoeana. Watalia pamoja, watanyamaza pamoja."

Huko kwao, Waislamu kwa Wakristo, ndivyo mtoto anavyoachishwa: anapelekwa kwa bibi, mbali na harufu ya mama yake na sauti yake, anarudi akiwa mtu wa kula bukari, yaani ugali. Mwanamisi hakuleta jambo geni. Lakini Emérance alisikia kitu kingine kabisa. Mtoto anaondolewa kwa mama yake ili asahau. Na mama huyo anayesahauliwa, katika hesabu ya watu wote, si yeye.

"Mwanangu hana bibi Mtoa," alisema.

"Bibi ya Amisi njo bibi yake. Kwa dini yetu, mutoto niliyemunyonyesha ni wangu, ni ndugu ya Amisi. Hata kuoana hawawezi, haramu."

"Ni wako."

"Wa maziwa, dada. Nasema wa maziwa."

"Nimesikia. Ataachishwa hapa hapa, kwa mama yake."

Mwanamisi alitazama ua wa matete, kisha akamtazama yeye. "Hapa ananisikia kila saa. Mutoto haachishwi karibu na titi. Utamutesa, na weye utateseka."

"Mimi nimezoea."

Jioni Théophile alisema mkewe ana kichwa kigumu, mtoto aende Mtoa, mambo yaishe. Emérance alikata matete mapya, akaliziba tundu la ua kwa mikono yake, akafunga kamba mpaka vidole vikatoka damu. Hilo ndilo alilolitaka, wala hakutaka kingine: siku Anne-Marie atakapoacha titi la yule, atakapogeuka kutafuta pa kwenda, amkute yeye.

Bibi wa Mtoa akaja, akaondoka na Amisi peke yake.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. "Vitumbua! Vya moto!" ilipita juu ya ua, na Anne-Marie akakimbia, akakuta tundu halipo. Alipiga matete kwa kichwa. Alilala chini mavumbini, akalia mpaka sauti ikawa kama ya mtoto wa mbuzi. Emérance akimletea uji, bakuli linaruka. Akimbeba, anaumwa begani. Halafu anatulia kidogo, anaanza kusinzia, na huko upande wa pili Mwanamisi anacheka na mteja, au anamwita kuku, na mambo yanaanza upya.

Emérance akafunga kitambaa kichwani, akazunguka kwa barabara, akaingia kwa Mwanamisi.

"Mwanamisi, unaweza kunyamaza?"

"Kunyamaza nini?"

"Kunyamaza yote. Usiuze kwa sauti. Usiite. Usicheke. Asikuone pia, upite njia ya nyuma."

Zahoro aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake, sindano ikasimama. Mwanamisi alianza kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Mpaka lini?"

"Mpaka asahau."

Mwanamisi aliinamisha kichwa. Akauvuta uzi mmoja kwenye pindo la kanga. "Haya," alisema. Na hilo likawa neno lake la mwisho kusikika upande ule.

Kweli alinyamaza. Asubuhi badala ya sauti ilisikika mwiko ukigonga ukingo wa kikaango, ko ko ko, na wafanyakazi wa reli wakaja wakicheka, wakionyesha vidole kwa idadi ya vitumbua wanavyotaka. Kuku walifukuzwa kwa makofi. Zahoro alikaa barazani akawaambia wapita njia, "Tangu nimeoa namuomba Mungu hii nyumba inyamaze. Kumbe dawa ilikuwa mutoto wa jirani." Wanawake walikuja makusudi kumtazama mwanamke mwenye mdomo ule akiwa bubu. Walimchokoza ili aseme. Hakusema.

Na Anne-Marie, kidogo kidogo, akaanza kupungua kilio. Siku moja alikunywa uji, nusu bakuli, macho yakiwa kwenye matete. Siku nyingine alimfuata Emérance kisimani akiwa ameshika pindo la kitenge chake. Alikuwa anakubali kubebwa. Jioni alijilaza karibu, si mwilini, lakini karibu. Mwanamke mwingine angefurahi, na Emérance alianza kufurahi. Lakini watu hawakumwachia hata hiyo furaha.

Bombani alimkuta Léontine, mke wa karani wa bandari, ambaye hakuwahi kuwa na jambo akalala nalo bila kulisema.

"Yule Mwanamisi wako ana moyo," Léontine alisema, akijaza ndoo yake. "Kunyamaza mwezi muzima kwa ajili ya mutoto ambaye hakuzaa. Miye hata kwa wangu sitaweza. Namuambia mume wangu, ile njo mama."

"Na mimi?"

"Weye nini?"

"Mimi njo ninakesha naye."

"Ah, weye ni mama yake," Léontine alisema. "Si ni kazi yako?" Akajitwika ndoo, akaenda.

Emérance alirudi na maji yakimwagika mgongoni. Tazama basi: yule alipopiga kelele, alipendwa kwa kelele zake. Sasa amenyamaza, anapendwa kwa kunyamaza. Titi lake lilisifiwa, na kukosekana kwa titi lake kunasifiwa. Angefanya nini ili naye aonekane? Afe? Hata angekufa, wangesema Mwanamisi amelia vizuri.

Akaanza kuusikiliza ukimya ule kuliko alivyowahi kuisikiliza sauti. Alijua mwiko umegonga mara ngapi, alijua ni nani amesimama barazani. Na aligundua kwamba Théophile, ambaye zamani aliletewa vitumbua mkononi na mtoto mmoja wa Kibembe aliyetumwa na Mwanamisi, sasa anakwenda kuvichukua mwenyewe. Anakwenda na shati safi. Anakaa.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa. Emérance alikuwa uani anakaanga ndakala kwa mawese kwenye mbabula, jiko lenye makaa mekundu, mafuta yanaruka. Anne-Marie alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa karibu na mlango. Upande wa pili wa ua Théophile alicheka. Alicheka peke yake, maana mwenzake hana sauti, na kicheko cha mwanamume mmoja mbele ya mwanamke asiyesema kilimwingia Emérance mgongoni kama maji baridi. Na mambo ya yule wa Zongwe yalianza hivihivi, kwa kicheko.

Akaacha mwiko. Akaenda kwenye matete, pale alipoziba kwa mikono yake, akatafuta upenyo, akaweka jicho.

Mwanamisi alikuwa amesimama juu ya baraza yake, kikaango mbele yake. Théophile alikuwa chini, anaonyesha kwa mikono jinsi mkuu wake wa kazi, mtu mwenye kitambi, alivyopanda behewa likaondoka naye. Alivimbisha mashavu, akakimbia papo hapo. Mwanamisi alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika, machozi ya kicheko yakamtoka. Emérance hakukumbuka lini Théophile alimchezea yeye namna ile. Alitafuta mwaka, akakosa. Akabaki na jicho lake kwenye tete, akingoja kuona kitu cha kumalizia maumivu, mkono ukishika mkono, kitu chochote. Nyuma yake ndakala walianza kunuka kuungua. Hakugeuka.

Baraza ya Mwanamisi ilikuwa juu. Kutoka pale aliona juu ya matete, mpaka uani kwa jirani. Ghafla akashusha kanga mdomoni, uso ukambadilika.

"Anamari! Acha!"

Sauti ile, iliyolala mwezi mzima, ilipasuka juu ya nyumba zote. Emérance akageuka. Anne-Marie alikuwa amesimama mbele ya mbabula, mkono umeinuliwa, vidole vimegusa mpini wa kikaango cha mawese yanayochemka. Kwa ile sauti aliganda. Mkono ukashuka. Emérance akaruka, akamvuta, akamtazama mikono, kifua, uso. Hakuna kitu. Hata tone.

Lakini mtoto hakumtazama. Alikuwa anaitafuta sauti. Akajinyonga mikononi mwake, akaponyoka, akakimbilia matete, akayang'ang'ania kwa mikono miwili. "Mama! Mama! Mama!" Mwezi mzima, uji wote, usingizi wote, ukamwagika hapo.

Na neno la kwanza lililomtoka Emérance halikuwa asante.

"Uliahidi," aliuambia ua wa matete.

"Niliahidi," ilijibu sauti.

Théophile alikuwa amekwisha kuzunguka, anaingia mbio. "Emérance, uko na akili? Mutoto angeungua, na weye unasema kuahidi? Ulikuwa wapi?"

"Na weye ulikuwa unafuata nini kule?"

"Vitumbua."

"Viko wapi?"

Théophile akaitazama mikono yake. "Nimekula," alisema.

Mwanamisi alichelewa kidogo kutokea. Alipoingia kwa lango la barabara alikuwa amejifunga kanga mpaka shingoni. Hakumsalimu mtu. Alikaa mkekani, hapo uani kwa Emérance, bila kukaribishwa, na Anne-Marie alimrukia kama mtu anayerudi kwao. Mwanamisi akafungua kifua.

"Kwangu?" Emérance alisema. "Mbele yangu?" Akapiga hatua amnyang'anye.

"Ngoja, dada."

Mtoto alishika titi kwa mikono miwili, akavuta. Kisha akaliachia. Uso ulikunjamana. Akatema, akajifuta ulimi kwa mkono, akamtazama Mwanamisi kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu na rafiki yake. Mwanamisi akampa upande wa pili. Akajaribu, akatema, akapiga kelele, akalipiga titi kofi. Mwanamisi hakumshika. Aliweka mikono yake juu ya magoti na kuiacha hapo.

Anne-Marie akasimama katikati ya ua, mdomo wazi, anageuza kichwa. Baba yake alinyoosha mikono. Akampita. Akaja kwa Emérance, akauzika uso kwenye kitenge chake, akafuta ulimi kwa kitambaa, mara nyingi, kwa nguvu.

"Merasi," alisema. "Uchungu."

Emérance alimpa maji. Alimpa kipande cha bukari na ndakala mmoja ambaye hakuungua, akamtolea kichwa. Mtoto akala mkononi mwake, akiwa amempa Mwanamisi mgongo.

"Ni kinini, ile dawa chungu," Mwanamisi alisema, akijifunga. "Zahoro alipewa dispensari kwa homa yake. Nimeisaga. Niko nayo tangu siku ile ulikuja kuniambia ninyamaze."

"Na siku ile kwa nini hukuipaka? Ungetupunguzia mwezi."

Mwanamisi alikuwa anatafuta pindo la kanga yake. "Sikuweza," alisema. "Kunyamaza niliweza."

Alisimama, akachukua njia ya barabara. Théophile alimsindikiza kwa macho mpaka langoni, macho yake yamelowa. "Ule mama," alisema polepole, "ule mama, jamani." Hakumgeukia mkewe. Emérance alikuwa ameketi mavumbini na binti yake mapajani, mzima, mwenye joto, anatafuna. Alichokiomba mwezi mzima kilikuwa mikononi mwake. Na mkono uliompa ulikuwa wa yule yule.

Asubuhi iliyofuata sauti ilirudi. "Vitumbua!" Anne-Marie alifumbua macho. Alisikiliza. Hakuteremka. Alijikunja, akaingiza mkono wake shingoni mwa Emérance, akauacha pale, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Emérance hakuthubutu kupumua.

"Vya moto!" Sauti ilikuwa imekwaruza. Katikati ya neno ilivunjika, ikajikusanya, ikaendelea. Emérance alijua imevunjikia wapi. Alijua mwanamke hulia hivyo kwa mtoto gani. Yeye mwenyewe aliwalilia wake, mmoja baada ya mmoja, na hakuna mtu aliyesimama uani kwake, macho yamelowa, akasema ule mama, jamani. Akamwonea wivu hata kwa ile sauti iliyovunjika.

"Ee Papa wa reli," iliita tena, na mtoto akainua kichwa kidogo.

Emérance alikirudisha kichwa kifuani pake. Kisha akaliziba sikio la mtoto kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemkinga na baridi, akakaa hivyo mpaka mwiko wa upande wa pili ulipogonga kikaango mara ya mwisho.